Simu Moja ya Pugu Kajiungeni

Jumuiya ya Mtakatifu Monika ya Pugu Kajiungeni haina tajiri hata mmoja, lakini haijapata kumwacha mtu wake aaibike. Ukifiwa, maturubai yanafika kabla hujamaliza kulia. Ukiwa na harusi, kamati inakaa hata kama hukuiomba. Basi Herieth alipopata kazi ya kuandika makala za mtandaoni, na mama mkwe wake, Mama Bernadeta, akasimama Jumamosi baada ya sala kuwaeleza wenzake kwamba kazi ya mkwe wake inapimwa kwa idadi ya watu wanaozifungua hizo makala, hakuna aliyeuliza makala zenyewe zinahusu nini. Waliuliza zinafunguliwaje.

"Mnabonyeza tu haya maandishi ya bluu," Mama Bernadeta aliwaonyesha, kidole juu ya kioo cha simu yake kilichopasuka. "Yakishafunguka, umeshachangia. Baada ya hapo unaweza kufunga ukaendelea na shughuli zako."

Nani angekataa mchango wa namna hiyo? Wakafungua. Kila makala ilipotoka, Mama Bernadeta aliirusha kwenye grupu la jumuiya na kuisindikiza kwa ujumbe wa sauti, maana kuandika na kusoma aliwaachia wenye macho mazuri. Chini yake zikafuata "Amina" na "Nimechangia" na "Mungu azidi kumwinua binti yetu". Mwanaasha, jirani wa ukuta mmoja, ambaye ni Mwislamu na mambo ya jumuiya hayamhusu, alikuja mwenyewe kulalamika kwamba ametengwa. "Kwani sie hatuna simu?" alisema, na tangu siku hiyo akawa anafungua mara mbili, moja yake na moja ya mumewe.

Valerian, mume wa Herieth na baba wa mtoto wao Anna, karani kwenye yadi moja ya makontena Kurasini, hakukubali kupitwa. Yeye alifungua kila asubuhi kabla malori hayajaanza kugombana getini, akafunga, akamtumia mkewe kopa jekundu la mapenzi. Herieth alilipokea hilo kopa mwaka mzima na hakulichoka.

Makala zilihusu matanki ya maji. Kampuni ya Herieth, iliyoko Mikocheni, ilikuwa na mteja anayeuza matanki, na kazi yake ilikuwa kuandika jambo la manufaa ambalo msomaji ataanza kulisoma kwa sababu anataka kujua namna ya kusafisha tanki, na kulimaliza akiwa anatamani kununua jipya. Kwa hesabu ya wafunguaji, hakuna mwandishi aliyemfikia. Picha yake ilibandikwa ukutani karibu na mashine ya maji ya kunywa. Kwa mshahara huo sebule ya Pugu ilipigwa lipu, na mwaka huu ilikuwa zamu ya chumba cha mama, ambacho dirisha lake lilikuwa bado limezibwa kwa mbao.

*

Jumatatu ile Projestus, mkuu wao wa kazi, aliwaita wote mbele ya projekta. Alikuwa na furaha ya mtu aliyenunua kitu ghali na anataka kionekane. Aliyepewa nafasi ya kueleza ni Loveness, binti wa takwimu, ambaye huongea taratibu hata jengo likiungua.

"Ule mfumo wetu wa kupima makala umeboreshwa," alisema. "Zamani ulikuwa unahesabu mlangoni tu. Mtu akichungulia, kahesabiwa. Sasa unamfuata mpaka ndani, na kumbukumbu za mwaka mzima zimepitiwa upya. Unaona kakaa muda gani, kasoma mpaka aya ya ngapi, kaondokea wapi, na kama amewahi kurudi."

"Watu wa matanki wanataka wasomaji," Projestus aliongeza. "Wapita njia wanao wengi dukani kwao."

Loveness akafungua ramani ya jiji. Doti za kijani zilikuwa za waliosoma mpaka mwisho, na doti nyekundu za waliofungua wakafunga papo hapo. Kijani kilikuwa kidogo, kimetawanyika huku na huko, Tandika kidogo, Mabibo kidogo. Halafu kulikuwa na Pugu. Pugu ilikuwa nyekundu yote, imevimba kama jipu.

"Pugu kuna nini?" Isack, mwandishi wa magodoro, aliuliza. "Au ng'ombe wa mnada wa huko nao wana simu siku hizi?"

Wakacheka. Kisha mmoja akakumbuka nani anaishi Pugu, kicheko kikafa vipande vipande, na hicho ndicho kicheko kibaya kuliko vyote. Herieth alitazama viatu vyake. Loveness, ambaye hakuwa na nia mbaya, alikuwa ameshabonyeza ile doti ili aikuze, na skrini ikaonyesha kwamba simu moja, moja tu, ilifungua makala moja mara thelathini na moja kwa siku moja.

Projestus alimwita Herieth kwenye kile chumba chake cha vioo, ambacho kila anayekemewa ndani yake anaonekana na wote walioko nje.

"Unalipa watu wafungue?"

"Hapana, bosi. Ni ndugu."

"Ndugu."

"Majirani. Wa jumuiya. Walikuwa wananisaidia."

Projestus akavua miwani akaifuta. Hakuwa mtu mkali, na hilo lilifanya jambo liwe gumu zaidi. "Mie natoka Muleba, najua ndugu ni nini. Lakini mteja naye ana nywila ya mfumo huu huu. Akiingia akaona simu moja imefungua mara thelathini, nitamwambia ni ndugu? Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi, Herieth. Naomba vitu viwili. Hiyo simu inyamaze. Na nione makala moja, hata moja, watu wameisoma mpaka chini. Bila hivyo sina cha kukutetea."

Alipotoka, picha yake ilikuwa imeshabanduliwa. Nani aliibandua hakujulikana. Ukutani zilibaki alama nne za gundi ya selotepu, na Herieth alichota maji yake ya kunywa bila kuziangalia.

*

"Sekunde nne," Herieth alimwambia mumewe jioni ile. Walikuwa uani wanaanua nguo.

"Nani?"

"Wewe. Kurasini kuna doti moja ya asubuhi, kila siku, sekunde nne. Mwaka mzima."

Valerian alishika shuka kifuani kama ngao. "Mie nimezifungua zote, mama Anna. Hakuna niliyoiruka."

"Umefungua. Umesoma ipi?"

Alifikiri kwa uaminifu mkubwa. Ilikuwa aibu kumtazama. "Ile ya... si ile ya tanki."

"Zote za tanki."

"Basi hiyo."

Herieth alitaka kukasirika, akajikuta anacheka, na katikati ya kicheko akalia. Kupoteza kazi kungeuma, ndiyo, na lile dirisha la mbao lingebaki la mbao. Lakini kilichomuuma jioni ile ni kwamba watu wote wanaompenda walikuwa wamemfungua na kumfunga, na hakuna aliyeingia ndani. Valerian akaiacha shuka ianguke, akamshika.

"Sasa mama ataambiwa na nani?" aliuliza baadaye.

"Si mama yako?"

"Mama yangu, lakini jumuiya inamchangia mkwe wake. Mie nikienda ataniuliza nimeagizwa na nani."

Wakasukumiana mpaka Herieth akashindwa. Alimkuta Mama Bernadeta anakuna nazi, akasimama, akazunguka na maneno, habari za miguu, habari za ndugu wa Masasi, mpaka yule mama akaiweka mbuzi pembeni.

"Mama Anna, aliyebeba mzigo hapigi soga. Tua."

Herieth akatua. Alieleza mfumo ulivyokuwa na ulivyo sasa, na kwamba anayefungua na kufunga siku hizi anamwonyesha mwandishi kuwa hafai. Ile simu ya mara thelathini hakuitaja. Alijua ni ya nani, na ulimi ulikataa.

"Kwa hiyo tumekuharibia," Mama Bernadeta alisema.

"Hapana, mama. Mlinisaidia sana. Ni mfumo tu umebadilika."

"Mchango ukimkwamisha mwenye shughuli, si mchango tena." Akapukuta machicha mikononi. "Nitawaambia. Wewe usijisumbue, nitawaambia mwenyewe."

Akawaambia Jumamosi iliyofuata, kwa Mama Recho, baada ya sala na kabla ya chai. Kikao kizima kilinuna. Watu wameacha mboga jikoni kwa ajili ya kumfungulia mtoto wao, leo wanaambiwa wanamuua.

"Yaani tumekatazwa kumpenda mtu?" Mama Recho aliuliza.

"Si mngeisoma tu," alisema Venance, mwenyekiti, ambaye aliwahi kuwa katekista na bado anaongea kama yuko mimbarini. "Wamesema anayesoma mpaka mwisho ni ruhusa."

Watu wakatazamana.

"Yote?"

"Yote mpaka chini."

"Habari za tanki?"

Kwa kauli moja wakaamua kumwombea.

*

Wiki ile Pugu ilipona. Jumanne doti zilikuwa zimepungua, Alhamisi karibu zote zimekwisha. Hata Kurasini palinyamaza, maana Valerian sasa aliogopa kuigusa makala, akawa anatuma kopa peke yake. Herieth alianza kupumua. Kisha Loveness akaja akainama kwenye meza yake kana kwamba anatafuta kalamu.

"Dada, ile simu."

"Ipi?"

"Ile moja. Bado iko. Tena imezidi. Asubuhi hii tu ameshafungua mara kumi na kitu. Bosi hajaona, lakini ataona."

Damu ilimpanda Herieth mpaka masikioni. Alimwona mama mkwe wake mbele ya macho, amekaa kwenye kigoda, anabonyeza na kubonyeza kwa ile huruma yake isiyosikia la mtu. Watu wazima wengine, ukiwaambia wasikusaidie, wanakusaidia kwa siri. Aliomba ruhusa kwamba mtoto anaumwa, Mungu amsamehe, akaondoka.

Njiani alipanga maneno. Shikamoo ingetangulia, kwa sababu hasira haiondoi adabu, halafu angesema: mama, unanifukuzisha kazi. Aliirudia sentensi hiyo mpaka ikakaa sawa mdomoni.

Alifika adhuhuri. Mlango wa mbele ulikuwa wazi na sebuleni hakuna mtu. Akapita mpaka nyuma, na kabla hajakunja kona ya jiko akasikia sauti. Ilikuwa ya Mama Bernadeta, lakini si ile ya kwenye grupu. Hii ilikuwa ndogo, inapapasa.

"Ta-nki... lako. Li-na-po-kaa. Linapokaa. Jua-ni. Tanki lako linapokaa juani..."

Herieth akasimama palepale.

"...mwanga una-o-pe-nya. Unaopenya. Una..." Kimya. Kisha, kwa uchovu wa mtu aliyezoea, "Limezima tena hili."

Alichungulia. Mama Bernadeta alikuwa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, sufuria ya maharage inachemka pembeni. Simu iliegeshwa kwenye kinu. Ilikuwa simu ya zamani ya Valerian, iliyochoka, ambayo kioo chake kikizima, kila kilichokuwa ndani kinakufa nacho. Aliiwasha, akabonyeza maandishi ya bluu, akangoja, na makala ikaja kutoka mwanzo. Akaisukuma juu kwa kidole, akisaka mahali alipoachia. Akapaona. Akaweka kidole chini ya neno.

"U-na-o-pe-nya."

Ile sentensi ya njiani ilimtoka Herieth mdomoni bila sauti na haikurudi tena. Aligusa ukuta, changarawe ikaanguka, mama akageuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mapema, Anna kafanya nini huko chekechea?" Alikuwa ameshaifunika simu kwa upande wa khanga.

"Mama, ulikuwa unasoma."

"Nachungulia tu."

"Nimekusikia."

Mama Bernadeta alichochea maharage ambayo hayakuhitaji kuchochewa. "Nasoma polepole," alisema hatimaye. "Polepole sana. Mie niliishia darasa la nne kule Ndanda. Kuna mwaka Mama Recho aliugua, nikapewa somo lake kanisani. Nikafika katikati, watoto wakaanza kucheka, na wakubwa wakakohoa. Venance alikuwa katekista. Akaja, akakichukua kitabu mkononi mwangu, taratibu kabisa, akamalizia yeye. Simlaumu, misa ilikuwa inachelewa. Toka siku hiyo mtu akinipa kitabu nasema macho yananisumbua."

"Miaka yote hii?"

"Macho ni ugonjwa wa heshima." Akaifunua simu, akaipangusa. "Hii hainicheki. Inanirudisha mwanzo tu. Nikienda kutia maji kwenye maharage, nikirudi imezima, naanza tena. Najua nakumalizia bando. Nilitaka nikuambie, nikaona nitakuambia nini? Mwandishi yuko ndani ya nyumba na mama yake anasoma kwa kidole?"

Herieth alikaa chini kwenye mkeka na nguo zake za ofisini. Alitaka kusema samahani, lakini angelazimika kueleza ni samahani ya nini, naye hakutaka kabisa yale maneno ya njiani yajulikane kwamba yaliwahi kuwepo.

"Zote umesoma, mama?"

"Zote. Hii ndiyo inanishinda. Nimekwama hapa tangu juzi." Akamsogezea simu. "Nimesoma herufi zote, hakuna niliyoacha, lakini sioni zinakwenda wapi."

Herieth akasoma kwa sauti maneno yake mwenyewe: "Uhifadhi endelevu wa rasilimali maji katika ngazi ya kaya."

"Ndiyo nini?"

"Kutunza maji nyumbani."

"Sasa mbona hukuandika hivyo?"

Ukweli ni kwamba alitaka Projestus aone amesoma. Mama, ambaye alikuwa amengoja mwaka mzima mtu wa kuzungumza naye juu ya matanki, aliendelea.

"Na hapa chini umesema tanki lioshwe kila mwezi, maji yote yamwagwe. Sie hapa maji yanatoka Jumanne, na Jumanne nyingine hayatoki. Nikimwaga Jumatano, Anna ataoga nini? Nilidhani labda unawaandikia matajiri wa Masaki."

*

"Mwangalie," Herieth alimwambia Loveness kesho yake. "Usihesabu mara. Angalia kila mara kafika wapi."

Loveness akaivuta ile simu peke yake na kuipanga safari kwa safari. Safari ya kwanza mistari miwili. Ya pili imeteremka haraka mpaka mstari wa pili, ikakaa hapo, ikafika wa nne. Ya tatu ikaanzia wa nne. Hivyo hivyo, mara thelathini na moja, kidogo kidogo mpaka chini. Mfumo mpya ulikuwa umeyaandika yote, ila hakuna aliyekuwa ameuuliza zaidi ya idadi.

"Huyu si mdanganyifu," Loveness alisema. "Huyu ndiye anayesoma."

"Ni mama mkwe wangu."

Loveness akaitazama tena skrini. Kisha, kwa sababu takwimu zilimkaa damuni, akaileta makala ile iliyomkwamisha mama na kuwarudisha wasomaji wengine wote juu yake, wa Tandika, wa Mabibo, wa kila mahali. Wengi walikuwa wameanza vizuri. Walifika aya ya tatu, penye uhifadhi endelevu, wakaondoka kwa pamoja.

"Wote wanaondokea palepale anapokwama yeye," alisema. "Tofauti ni kwamba yeye anarudi."

Wakamwita Projestus. Alitazama huku amesimama, halafu akavuta kiti. Loveness alieleza kwa sauti yake ileile ya siku zote. Projestus aliuliza ni simu gani, akaambiwa, akauliza mama ana umri gani, akaambiwa.

"Mie mama yangu nilimpelekea simu nzuri kabisa," alisema. "Ameishonea kitambaa, anaifunika. Sijawahi kumuuliza kama anaitumia." Akainuka, akakumbuka yeye ni bosi. "Sawa, lile la kwanza limekwisha. Lakini msomaji mmoja hawezi kumfurahisha mteja. La pili bado nalidai."

*

Herieth aliandika makala iliyofuata mezani sebuleni, na kila aya aliyoimaliza aliipeleka nyuma ya jiko. Mama Bernadeta alisoma kwa kidole. Hakujua kusifu bure. Kidole kikipita, alisema, "Hapa njia nzuri." Kikisimama, alisema, "Hapa kuna jiwe," na Herieth akarudi kuling'oa. Mengine yaling'oka kwa urahisi, mengine aliyapenda na yalimwuma. Aliyatoa hata hivyo.

Ilipofika namna ya kuosha tanki bila kupoteza maji, mama alimwita Mwanaasha juu ya ukuta. Mwanaasha akaeleza anavyofanya yeye. Anangoja usiku wa kuamkia siku ya maji, tanki likiwa limebaki na maji ya kufunika nyayo, anamwingiza mwanawe asugue na hayo hayo, na uchafu unaotoka anaumwagia mgomba. Herieth akaandika hivyo hivyo. Mwanaasha akataka kujua kama jina lake litatokea, na alipoambiwa ndiyo, akataka liandikwe pamoja na la mumewe.

"Hii msiirushe kwenye grupu," Herieth aliomba. "Tafadhali, mama."

"Sitairusha. Nitaisoma tu."

Ikatoka Jumatatu. Asubuhi hiyo kopa halikuja. Herieth aliitazama simu yake mara kadhaa, akaona haya kwa kuitazama. Palipokaribia mchana ndipo ujumbe ulipoingia kutoka Kurasini, na haukuwa na kopa hata kidogo.

"Mama Anna, kwani letu tuliliosha lini mara ya mwisho?"

Aliusoma ujumbe ule katika choo cha ofisini, mlango amefunga, na kama kuna barua ya mapenzi iliyowahi kumfurahisha zaidi tangu aolewe, hakuikumbuka.

Makala haikuvuma. Watu wa kuvumisha vitu wana mambo mengine. Lakini ilikwenda, Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, kwa watu wanaojua siku ya maji ni ipi, na doti zake zilikuwa za kijani. Aya ya tatu walipita. Ya nne walipita. Wengi waliteremka mpaka kwenye mgomba wa Mwanaasha, na baadhi yao wakapiga simu kuulizia bei ya tanki.

"Miezi mitatu," Projestus alisema mwisho wa mwezi, akimsogezea mkataba. "Si mwaka. Tuone."

"Asante, bosi."

"Na msalimie yule mama." Akasita. "Muulize alianzaje. Kutumia simu, namaanisha."

Picha haikurudishwa ukutani. Zile alama nne za gundi zilikuwepo bado, na mtu alikuwa ameshabandika juu yake bei mpya za chakula cha mchana.

*

Jumamosi ya kwanza ya mwezi sala ilikuwa kwa Herieth. Viti viliazimwa, mikeka ikatandikwa, na Mwanaasha, ambaye sala haimhusu, alikuwa jikoni tangu alfajiri akisimamia chai na vitumbua. Venance aliongoza nyimbo. Alipofika kwenye somo akafungua Biblia, akatazama huku na huku kutafuta wa kumpa, akainyoosha kwa Mama Recho kama kawaida.

Mama Bernadeta akanyoosha mkono akaipokea yeye.

Watu walidhani anaipitisha. Hakuipitisha. Aliiweka mapajani, akaweka kidole, na uwanja mzima ukajua jambo ambalo haukulijua, au ulilolijua miaka mingi na kulisahau. Mama Recho akatazama chini. Valerian, aliyekuwa amesimama mlangoni na Anna begani, alimtazama mkewe kwa maswali, naye Herieth akampa ishara atulie.

"So-mo. Katika. Wa-ra-ka... Waraka wa Mtakatifu Paulo. Kwa Wa-the..."

Akarudi nyuma. Akaanza tena. Kuku alipita katikati ya mikeka na hakuna aliyemfukuza. Jikoni chai ilikuwa tayari, harufu ya iliki imejaa uani, na Mwanaasha alitokeza mlangoni na birika, akaona, akabaki pale pale na birika mkononi.

"Kwa Wa-the-sa..."

Venance alikuwa mtu mwema. Alivumilia alivyoweza, kisha wema ukamshinda, akainuka nusu, akanyoosha mkono taratibu kabisa kukipokea kitabu.

Mama Bernadeta hakuinua macho. Kidole chake kilikuwa bado chini ya neno. "Kaa, Venance," alisema. "Sijafika mwisho."

Venance akakaa.

Jina likapita. Baada yake kulikuwa na mawe mengine, na kila alipojikwaa alirudi, akatafuta alipoachia, akaendelea. Jua likahama kutoka mkeka huu hadi ule. Mtoto mmoja alianza kucheka, mamake akamgusa goti. Herieth alikuwa anawatazama watu, mmoja mmoja, wale wale waliokuwa wakimfungua na kumfunga mwaka mzima kwa mapenzi. Hakuna aliyetazama simu. Hakuna aliyeondoka. Alijifuta machozi kwa kiganja na hakujali nani anaona.

"Neno la Bwana," Mama Bernadeta alisema, akafunga kitabu.

"Tumshukuru Mungu," wakajibu, kwa nguvu ambayo Pugu Kajiungeni haikuizoea, na Mwanaasha, mlangoni na birika lake lililopoa, alijibu pamoja nao.